Kope Zilizoungua na Matengenezo Yake

Watu wengi hudhani kwamba kope ni pambo la uso tu. Sivyo. Kila mtu apepesapo, kope huyaeneza machozi juu ya jicho na kuliondolea vumbi. Jicho lisiloweza kufumba hukauka, hupata vidonda, na mwisho laweza kupofuka.

Hatari hiyo huwapata walioungua usoni. Kidonda cha moto kikipona huacha kovu, na kovu hujikunja kama ngozi ianikwayo juani, likauvuta ukope nje. Hivyo mtu aliyeokoka motoni akiwa anaona aweza kupoteza macho baadaye.

Ufundi wa kutengeneza nyuso uliendelea sana kwa sababu ya vita. Katika vita vya 1914-1918 Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari huko Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili jamaa yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua, katika hospitali ya East Grinstead. McIndoe aliona kwamba vidonda vya marubani walioanguka baharini vilipona vizuri zaidi, naye akaanza kuwaogesha wagonjwa wake kwa maji ya chumvi. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Thomas Rees walianzisha kazi ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika ya Mashariki, ambayo leo huitwa Amref.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mpasuaji hulikata kovu mpaka ukope urudi mahali pake. Kisha huchukua kipande cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe, pengine nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono, akakishona penye pengo. Ngozi ya mtu mwingine haidumu, kwa maana mwili huikataa. Siku chache zikipita, mishipa midogo ya damu huingia katika ngozi ile, nayo hushika. Lakini ngozi hiyo nayo hujikunja kidogo. Kwa hiyo pengine kazi hurudiwa.

Basi mtu akiungua usoni, na amwagiwe maji safi yasiyo moto kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala unga, wala samadi. Apelekwe hospitali upesi, hata kama bado anaona. Na aliyekwisha kupona, akiona jicho halifumbi vizuri alalapo, asikawie: ukope hutengenezeka, bali jicho lililokwisha kuharibika ni vigumu kulirudisha.