Kufleshi simu yako si kosa

Barua ya safari hii imetoka Moi's Bridge, kwa kijana anayetengeneza simu kibandani kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Mama mmoja muuza mitumba alimpelekea simu aliyoinunua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Mama huyo alikuwa amemaliza deni na hata ujumbe wa kumpongeza ulikuwa umemfikia, lakini simu iliendelea kujifunga kana kwamba bado anadaiwa. Alipiga nambari ya huduma kwa wateja mpaka akachoka. Fundi akaifleshi, yaani akafuta programu iliyokuwemo na kuweka nyingine safi.

Kabla mwenyewe hajaja kuichukua, maafisa wawili wasiovaa sare waliingia kibandani. Walibeba kompyuta, nyaya na simu tano za wateja, wakamwambia, "Wewe ndiwe unayebadilisha IMEI za simu za wizi." Akalala seli. Asubuhi akaambiwa aongee vizuri. Kaka yake akauza mahindi, pesa zikatolewa, fundi akaachiliwa bila karatasi yoyote. Kompyuta na simu zilibaki huko, na sasa wateja wanamdai yeye. Anauliza, "Wakili, kosa langu ni lipi?"

Kwa haya uliyonieleza, kijana wangu, huna kosa. Barua kama yako nimezipokea nyingi, na karibu zote zina mtego uleule: kuchanganya kwa makusudi mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha.

Sheria wanayokutishia nayo ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998. Kifungu cha 84G, kilichoingizwa na marekebisho ya mwaka 2009, kinamkataza mtu asiye mtengenezaji wa simu wala wakala wake kubadilisha utambulisho wa simu, au kuingilia utendakazi wa utambulisho huo. Utambulisho ndio IMEI, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#. Wengi wetu tulijifunza kubonyeza hivyo mwaka 2012, tume ya mawasiliano ilipoamuru simu bandia zizimwe mwishoni mwa Septemba. Lengo la kifungu hiki linaeleweka. Simu ikiibwa Matunda, mwizi asiweze kuipa nambari mpya na kuiuza Kitale.

Sasa soma tena maneno ya kifungu. Yanataja utambulisho. Hayakatazi kubadilisha programu, kuondoa lugha usiyoitaka, kufungua simu iliyofungiwa laini ya kampuni moja, kubadilisha kioo au betri, wala kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji kwenye simu uliyoinunua kwa jasho lako. Kufleshi ni jambo moja na kubadilisha IMEI ni jambo jingine kabisa. Afisa anayeona kompyuta na waya juu ya meza na kutangaza kwamba amepata ushahidi wa 84G, ama hajakisoma kifungu, ama amekisoma na anategemea kwamba wewe hujakisoma.

Mafundi wanajua kuna mahali pagumu, nami sitapaficha. Simu ikifleshiwa vibaya, IMEI inaweza kufutika. Ukibonyeza *#06# unakuta sufuri au hakuna kitu. Fundi analazimika kuirudisha ile ya awali, iliyoandikwa kwenye boksi au nyuma ya betri. Je, hapo amevunja sheria? Maoni yangu ni kwamba aliyerudisha nambari ileile hajabadilisha utambulisho wa simu, ameuokoa. Lakini mbele ya hakimu maoni yangu hayatoshi, utahitaji ushahidi. Kwa hiyo kabla hujaigusa simu ya mteja, bonyeza *#06# na upige picha. Ukimaliza, piga nyingine. Kuwe na daftari lenye jina la mteja, nambari ya kitambulisho chake, IMEI, tatizo la simu na sahihi yake. Simu isiyo na boksi wala risiti, ambayo aliyeileta hajui hata picha zilizomo ni za nani, irudishe. Kosa la kushughulikia mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, lina kifungo cha hadi miaka 14, na daftari lako ndilo litakalokutofautisha na mshirika wa mwizi.

Kuna kifungu kingine ambacho sijawahi kumsikia afisa yeyote akikitaja: 84I. Hiki kinasema si kosa kubadilisha utambulisho wa simu, wala kuwa na kifaa kinachoweza kuubadilisha, ikiwa mtu anafanya hivyo kwa nia njema katika shughuli zake binafsi za kiteknolojia au katika uchunguzi wa teknolojia. Kwa maneno mengine, Bunge letu lilikumbuka kwamba kuna Wakenya wanaofungua vifaa ili kujifunza. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi mwenye simu yake kuukuu mezani anasimama chini ya kifungu hiki. Fundi anayelipwa kubadilisha nambari za simu za watu hasimami hapo, na asijidanganye. Lakini kule kupatikana tu na kompyuta yenye programu za kufleshia hakumfanyi mtu kuwa mhalifu.

Maafisa wengine wakishindwa na 84G hurukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kifungu cha 14 kinaadhibu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, faini ikifika shilingi milioni 5 na kifungo miaka 3. Neno la kushika hapo ni idhini. Mwenye simu akikuletea simu yake mwenyewe na kukuambia uifungue, idhini ndiyo hiyo.

Hapa nimgeukie yule mama, maana kisa kizima kilianzia kwake. Kama bado angekuwa anadaiwa, ningemwambia asithubutu kuondoa kufuli ya kampuni. Kabla ya malipo ya mwisho, mikataba mingi huacha umiliki mikononi mwa muuzaji. Ukiivunja kufuli hapo unavunja mkataba, na unampa mtu nafasi ya kusema fundi wako hakuwa na idhini ya mwenye mali. Lakini yeye alikuwa amemaliza. Simu ni yake, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinailinda kama kinavyolinda shamba. Kampuni inayoendelea kufunga simu iliyokwisha kulipiwa inamnyima mtu mali yake, na Kifungu cha 46 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, vinampa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Maandishi madogo ya mkataba hayawezi kufuta haki hiyo.

Mama, tunza jumbe zote za malipo. Andikia kampuni dai lako, wape siku saba, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo pale Eldoret. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Kwa wale ambao bado wanalipa, kuna Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507, ambayo wengi wanadhani ni ya matrekta na magari peke yake. Inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei yote, muuzaji hawezi kumnyang'anya mali bila kwenda mahakamani. Simu ya shilingi 21,000 ikishalipiwa 14,000, imefika hapo. Kampuni zitajibu kwamba hazijanyang'anya chochote, simu si iko mfukoni mwako? Sheria hii ni ya mwaka 1968. Walioiandika walijua dalali anayekuja na lori kubeba cherehani. Hawakuweza kuwaza mtu aliyeketi Nairobi akikugeuzia simu kuwa kipande cha kioo saa sita usiku kwa sababu ya shilingi 50. Mimi nasema kufunga ni kunyang'anya. Mwenye bodaboda ambaye simu yake imezimwa hapati wateja wala hapokei malipo; amepoteza kila alichonunulia simu hiyo. Hoja hii inastahili kupelekwa mahakamani. Na kwa kuwa sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024 imeipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wengi wasiopokea amana za wateja, Benki Kuu ina wajibu wa kuwaambia ni wakati gani hawaruhusiwi kubonyeza kufuli.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba sheria zetu zimejaa makatazo na adhabu kwa anayefungua kifaa, ilhali hatuna hata moja inayotamka waziwazi kwamba mwananchi ana haki ya kutengeneza alichonunua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 kuruhusu watu kufungua simu zao wahamie mtandao mwingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo linalowawajibisha watengenezaji kukarabati bidhaa walizouza, simu zikiwemo. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtwika mtengenezaji mzigo wa kifaa kikishakuwa taka. Mbona tungoje kiwe taka? Kinachokizuia kufika jalalani ni kijana wa Moi's Bridge mwenye bisibisi na kompyuta, naye ndiye tunayemlaza seli. Wabunge wa Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega, ambao kaunti zao zinakutana karibu na daraja hilo la mto Nzoia, wana mafundi wa namna hii katika kila soko. Wapeleke mswada Bungeni.

Nirudi kwako, fundi. Kifungu cha 49 cha Katiba kiliwataka wakuambie sababu ya kukukamata kwa lugha unayoielewa, na wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti na hurudishwa. Pesa isiyo na risiti ni hongo, na aliyekudai amevunja Sheria ya Hongo ya 2016. Najua unaogopa kwa kuwa sheria hiyohiyo inamgusa na anayetoa, na hilo ni pengo linalowanyamazisha walioporwa. Hata hivyo sheria hiyo inamlinda anayetoa taarifa, nawe ulitoa ili ufunguliwe, hukutoa ili ununue upendeleo.

Andika barua kwa mkuu wa kituo, OCS, ukitaja tarehe, saa, kila kifaa na IMEI ya kila simu, uombe nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Nakala moja ipigwe muhuri wa kupokewa. Nyingine ipeleke ofisi ya Eldoret ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Usikubali kuzungushwa, leo ukiambiwa faili iko Eldoret na kesho iko Kitale. Vitu vilitoka mikononi mwako vikaingia kituo kimoja, na OCS wa kituo hicho ndiye wa kujibu. Asipojibu, mwombe hakimu aamuru virudishwe.

Wateja wako waonyeshe barua hiyo. Ulipokea simu zao kama amana, na wajibu wako ulikuwa kuzitunza kwa uangalifu wa kawaida; hukuzipoteza kwa uzembe, zilichukuliwa na serikali. Waje mkadai pamoja, kila mmoja na risiti yake. Watu sita wakisimama kaunta na barua yenye nambari za vifungu ni vigumu kuambiwa warudi kesho. Nendeni Jumatatu asubuhi, na daftari lako ulibebe.