Ugonjwa wa Sukari na Kuvunjika kwa Mifupa

Katika ugonjwa wa sukari twazoea kuonyana juu ya macho, mafigo na vidonda vya miguu. Mifupa hatuitaji. Kumbe mgonjwa huyu huvunjika mifupa, hasa ya nyonga, kwa urahisi kuliko mtu wa umri wake asiye na ugonjwa.

Mfupa si chokaa tupu. Ndani yake mna nyuzi zinazoshikana na chokaa ile, nazo huuwezesha mfupa kustahimili kishindo. Ni kama fito ndani ya ukuta wa udongo: zikioza, ukuta waonekana mnene vile vile, lakini ukisukumwa waanguka. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi hunata katika nyuzi hizo, zikakakamaa; tena kazi ya mwili ya kuondoa mfupa uliochakaa na kujenga mpya hupungua.

Kwa hiyo kipimo hudanganya. Wenye ugonjwa wa aina ya pili, unaowapata zaidi watu wazima, wakipimwa wingi wa chokaa mifupani mara nyingi huonekana wazima, hata kuwapita wengine, nao huvunjika. Hesabu ya kukadiria hatari hiyo, iitwayo FRAX, iliyotolewa Sheffield, Uingereza, mwaka 2008, haikuutia ugonjwa huu wa aina ya pili katika maswali yake, ikawahesabia wagonjwa hatari ndogo kuliko iliyopo. Katika aina ya kwanza, inayoanza mara nyingi utotoni, chokaa yenyewe pia hupungua. Kabla insulini haijavumbuliwa mwaka 1921 watoto hao walikufa upesi, wala hakuna aliyewaona wakizeeka.

Tena mgonjwa huanguka: nyayo hazihisi ardhi, macho hayaoni vema, na sukari ikishuka mno kwa sababu ya insulini au vidonge vingine, hutetemeka, hutoka jasho, hushikwa na kizunguzungu. Vidonge vya pioglitazoni navyo vimeonekana kuongeza mivunjiko kwa wanawake. Mtu asiviache kwa shauri lake, bali amwulize daktari.

Ninyi mnaowatembelea wagonjwa, waulizeni kwa upole: "Mama, mwaka huu umeanguka mara ngapi?" Wengi huficha kwa haya. Tazameni kama pana taa katika njia ya chooni, na kama mkeka wa mlangoni umekunjamana. Akianguka asiweze kusimama, au mguu mmoja ukionekana mfupi na kugeukia nje, msimwinue kwa nguvu wala msimkande. Apelekwe hospitali siku ile ile amelazwa, na daktari aambiwe kwamba ana ugonjwa wa sukari, maana mfupa wake huchelewa kuunga na kidonda chake huchelewa kupona.