"Myahudi" Si Tusi

Mtoto akimnyima mwenziwe kipande cha muwa, huitwa "Myahudi", na wakubwa hucheka. Hata sala yetu ya Ijumaa Kuu ilikuwa na neno la kuwadharau Wayahudi, mpaka Papa Yohane XXIII alipoliondoa mwaka 1959. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ukafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa zamani zile, wala juu ya hawa wa leo. Wakati huo Wayahudi kama milioni sita walikuwa wamekwisha kuuawa Ulaya. Wauaji waliwakuta majirani wengi wamezoea dharau.

Basi, baba, usicheke. Mwite mtoto kando, umwulize kwa upole Bikira Maria alikuwa wa taifa gani.