Theluthi Moja: Kwa Nini Mwislamu wa Arua Aandike Wasia



Ndugu zangu katika imani, kila tunaposoma Mirathi darasani kuna anayeuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amekwisha kugawa mafungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12, wasia wa nini tena? Ni swali zuri, na kwetu sisi wa Arua na Koboko nimeona lina majibu mawili.

1. Sheria ya nchi

Nchini Kenya mirathi ya Waislamu huamuliwa na mahakama za Kadhi. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, nayo imezitaja mahakama hizo, lakini miaka mingi imepita bila Bunge kutunga sheria ya kuziunda. Basi Mwislamu akifa bila wasia na jambo likafika mahakamani, hutumika Sheria ya Mirathi ya nchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022: watoto asilimia 75, mjane 20, jamaa waliomtegemea marehemu 4, mrithi wa kimila 1. Nyumba ya makazi ina masharti yake.

Linganisha na Faraidh. Marehemu ameacha mke, mama, wana wawili na binti mmoja. Mali yake ni shilingi milioni 140. Mazishi yametumia milioni 2, deni ni milioni 8, na aliusia milioni 10 kwa madrasa. Vyote hivyo hutolewa kwanza. Zinabaki milioni 120:

- Mke, thumni: milioni 15
- Mama, sudusi: milioni 20
- Kila mwana: milioni 34
- Binti: milioni 17

Mama huyu, kwa sheria ya nchi, angeingia katika ile asilimia 4 tu, tena akithibitika kuwa alimtegemea mwanawe. Sudusi yake italindwa na karatasi inayosema: "Mali yangu igawiwe kwa Faraidh." Maneno hayo hayamwongezei mrithi chochote, yanaagiza tu kila mmoja apewe haki yake. Na binti asiambiwe na ukoo kwamba mwanamke harithi: aya ya 7 ya sura hiyo hiyo imempa fungu, liwe dogo au kubwa.

2. Wale ambao Faraidh haiwafikii

Katika ukoo wangu wamo Waislamu na Wakatoliki, na najua wengi wenu ndivyo mlivyo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Je, mama Mkatoliki aliyekulea aondoke mikono mitupu? Vilevile wajukuu ambao baba yao alitangulia kufa: ami zao wakiwepo, wao hawapati kitu.

Hapa ndipo inapoingia theluthi. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alitaka kuusia sehemu kubwa ya mali yake, Mtume (S.A.W.) akamwekea mpaka kwenye theluthi, akasema hiyo nayo ni nyingi. Wasia hauendi kwa mrithi, ila warithi wengine wakiridhia. Lakini mama Mkatoliki na wajukuu mayatima si warithi, kwa hiyo mlango wao uko wazi. Usipoandika, umeufunga kwa mkono wako.

Namna ya kuandika

1. Andika madeni yako na unaowadai, hata ya simu.
2. Taja mali yako halisi. Ardhi ya ukoo si yako peke yako. Usiusie kisichokuwa milki yako.
3. Taja wasiokuwa warithi na kiasi chao, kisichozidi theluthi.
4. Agiza kilichobaki kigawiwe kwa Faraidh, na umtaje msimamizi.
5. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, wote wakiwepo. Shahidi asiwe mtu unayemuusia, wala mke au mume wake. Sheria itakifuta alichoachiwa.
6. Muonyeshe sheikh na mwanasheria, kisha mwambie mtu unayemwamini ulipouweka.

Usiseme, "Mimi mwanafunzi, nina nini?" Una deni la kantini, una kompyuta, pengine una mbuzi kijijini. Mtume (S.A.W.) hakupenda Mwislamu mwenye cha kuusia alale hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Likizo hii kaa na wazazi, uwaulize kwa adabu kama wao wameandika.

Wabillahi tawfiq.