CHUPA ZA KIOO TULIZORITHI, NA KUHIFADHI VYAKULA NYUMBANI

Wasomaji wetu wa Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake bila shaka wamepata kuziona chupa hizi. Zipo juu ya kabati au chini ya kitanda, zimezongwa katika kanga kuukuu: chupa nene za kioo, zenye mdomo mpana, nyingine zina maandishi ya Kiingereza yaliyochomoza ubavuni. Zilitumika zamani katika nyumba za Wazungu na Wahindi, ambamo wengi katika wazee wetu walikuwa wapishi na madobi. Jemu ilipokwisha kuliwa, chupa tupu alipewa mpishi. Mpishi akampelekea mkewe, na mke akamwachia bintiye. Leo zimo mikononi mwa mjukuu, na maembe yanapojaa sokoni Tandika na Mabibo hata yakaoza chini, mjukuu hujiuliza: Je, chupa za bibi zafaa kuhifadhia?

Jawabu letu ni hili. Kioo chaweza kurithiwa, lakini kifuniko hakirithiwi. Tena hata kioo kilicho kizima kisitumainiwe kwa chakula kisicho kichachu. Anayeyashika maneno haya mawili atafaidi urithi wake. Anayeyapuuza aweza kuwadhuru watu wa nyumbani mwake. Twaomba walimu na viongozi wa mitaa wawasomee wale wasioweza kusoma.

1. KWA NINI CHAKULA HUDUMU NDANI YA CHUPA

Aliyegundua kazi hii ni Nicolas Appert, mpishi wa Ufaransa. Alitia vyakula katika chupa za kioo, akaziziba kwa vizibo, akazichemsha majini kwa muda mrefu. Mwaka 1810 alitangaza kitabu cha kazi yake, na serikali ya nchi yake ikamtunza faranga 12,000. Lakini Appert mwenyewe hakujua sababu ya chakula chake kutooza. Sababu ilidhihirishwa miaka ya 1860 na Louis Pasteur, Mfaransa mwenziwe: kuoza ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Moto huviua vilivyo ndani, na kifuniko kilichokazana huvizuia vilivyo nje visiingie.

Basi chupa ina kazi mbili: kustahimili moto bila kupasuka, na kuziba kabisa baada ya moto. Mwaka 1858 Mmarekani John Landis Mason alipata hati ya chupa yenye mizunguko shingoni, ili kifuniko kizungushwe na kukazwa. Waingereza nao walikuwa na chupa za Kilner, zenye kifuniko, pete ya mpira na mkazo wa chuma. Chupa nyingi tulizorithi ni za namna hizi, au ni chupa za jemu na kahawa za dukani tu. Zote zapimwa kwa kazi zile zile mbili.

2. KUICHUNGUZA CHUPA

Osha chupa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala waya kama tusuguavyo masufuria, maana kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Kisha fanya haya:

(a) Iinue juani, uigeuze polepole. Ukiona ufa, hata ukiwa mwembamba kama unywele, chupa hiyo haifai kutiwa motoni.

(b) Pitisha pamba juu ya ukingo wa mdomo. Pamba ikinaswa, pana pengo, na penye pengo kifuniko hakizibi.

(c) Uliza habari zake. Chupa iliyopata kutiwa mafuta ya taa, rangi au dawa ya wadudu isitiwe chakula kamwe. Ikiwa hapana anayejua ilitiwa nini, iwe ya misumari na vifungo.

(d) Zilizobaki ziweke tupu katika sufuria ya maji baridi, chini pametandikwa kitambaa. Washa moto, maji yachemke polepole, uziache zichemke dakika 10. Kioo kikuukuu huchoka. Ikiwa chupa itapasuka, heri ipasuke ikiwa tupu kuliko ikiwa imejaa achari ya moto mkononi mwako.

Tena kumbuka daima: kioo hakipendi mabadiliko ya ghafula. Chakula cha moto kitiwe katika chupa ya moto. Chupa ya moto isiwekwe juu ya saruji tupu wala penye upepo, bali juu ya ubao au kitambaa kikavu.

3. HABARI YA KIFUNIKO

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona chupa nzima, na kifuniko chake cha zamani kipo, akafurahi. Lakini pete ya mpira ya miaka hamsini imekwisha kauka; ukiivuta hukatika. Vifuniko vya zinki vyenye kauri ndani, walivyovipenda watu wa kale, havipendekezwi tena na wataalamu, kwa kuwa havizibi sawasawa, na asiyejua hawezi kutambua kama vimeziba au sivyo. Kifuniko cha bati chenye kutu au kilichobonyea ni vivyo hivyo.

Peleka chupa yako kwa wauzao vifungashio, ujaribu vifuniko vipya hata upate kinachoingia barabara katika shingo yake. Kikipatikana, chupa imefufuka. Kisipopatikana, usikilazimishe, wala usiitupe chupa. Itatunza bizari, karafuu, pilipili manga, mchele na chumvi miaka mingi, na yaweza kutiwa achari ya kuliwa upesi iliyowekwa katika jokofu. Chupa ya bibi haipungukiwi heshima kwa kutunza bizari.

4. CHAKULA KINACHOFAA, NA KISICHOFAA

Kuna kijidudu kiitwacho kwa lugha ya wataalamu Clostridium botulinum. Hukaa udongoni, na mbegu zake hazifi kwa maji yachemkayo. Hupenda mahali pasipo hewa, nayo chupa iliyozibwa ni mahali pa namna hiyo hasa. Humo huota na kutoa sumu kali mno, na mara nyingine chakula hakibadiliki rangi, harufu wala ladha. Adui wake mmoja mkubwa ni uchachu. Kwa kipimo cha uchachu kiitwacho pH, mpaka ni 4.6: chakula kilicho chini ya hapo ni kichachu, na mbegu zake haziwezi kuota.

Basi vinavyofaa ni maembe mabichi, ndimu, malimau, ukwaju, jemu za matunda machachu, na achari zilizotiwa siki ya kutosha. Visivyofaa ni maharage, nyama, samaki, mchicha, kisamvu, bamia, na saumu au pilipili zilizozamishwa katika mafuta bila siki. Vyakula hivi vyahitaji moto wa nyuzi 121, na sufuria ya kawaida haipiti nyuzi 100 hata ukichochea mkaa usiku kucha. Nyanya zipo mpakani, nazo huongezwa maji ya limau na kuchemshwa muda mrefu zaidi. Mwenye kuanza aanze na maembe.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwezi wa Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda walishikwa na ugonjwa wa sumu hii. Wote watatu walilazwa hospitali, na mmoja wao akafa. Wachunguzi waliona kwamba wote watatu walikula kitoweleo kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta, nacho ndicho kilichodhaniwa kuwa chanzo. Mafuta huzuia hewa lakini hayana uchachu. Kwa hiyo hayamlindi mlaji.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na busara yao. Samaki walimwanika wakapata ng'onda, na mihogo wakaifanya makopa. Kisicho kichachu walikikausha. Sisi nasi tufuate njia hiyo.

5. ACHARI TAMU YA MAEMBE MABICHI

Twaa maembe mabichi magumu, umenye na kukata vipande vidogo, vipate vikombe 11. Tayarisha vitunguu maji vilivyokatwa vikombe 2 na nusu, tangawizi iliyokunwa vijiko vya mezani 2 na nusu, saumu iliyosagwa kijiko kimoja na nusu, sukari vikombe 4 na nusu, chumvi kijiko kidogo kimoja, na pilipili ya unga vijiko vidogo 4. Siki iwe vikombe 3, nayo iwe ya dukani, imeandikwa asilimia 5. Siki ya tembo la mnazi ni nzuri mezani, lakini nguvu yake haijulikani. Usiitumie hapa, wala usipunguze kipimo cha siki kwa kuogopa ukali.

Chemsha siki na sukari dakika 5. Tia vitu vyote, upike kwa moto mdogo dakika 25, ukikoroga kwa mwiko. Jaza chupa zilizo moto, za nusu lita au ndogo zaidi, ukiacha nafasi ya nusu inchi juu. Toa mapovu ya hewa kwa kijiti safi, si kwa kisu. Futa ukingo, funga kifuniko kipya kwa nguvu za vidole tu.

Panga chupa katika sufuria ndefu iliyotandikwa kitambaa, maji ya moto yazifunike na kuzidi kwa inchi moja. Yakianza kuchemka kwa nguvu, ndipo uhesabu dakika 10. Muda huu ni wa Dar es Salaam na pwani yote. Ndugu zetu wa Mbeya, walio juu zaidi ya mita 1,600, waongeze dakika 10 nyingine, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Zitoe, uziache zitulie mpaka kesho yake. Kisha bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisipocheza, chupa imeziba: andika tarehe, uiweke mahali pa giza pasipo joto, uitumie kabla ya mwaka kwisha. Kikicheza, haikuziba: itie katika jokofu, iliwe mapema.

6. ONYO LA MWISHO

Chupa ikivimba kifuniko, ikivuja, au ikitoa povu inapofunguliwa, usionje hata kidogo. Itupe mbali na watoto na kuku. Na mtu akila chakula cha chupa kisha kope zikamlegea, akaona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito au akashindwa kumeza, asingoje kesho. Apelekwe mara moja hospitali, kama vile Temeke au Mwananyamala, na mabaki ya chakula yachukuliwe pamoja naye ili waganga wajue la kufanya.

Wenye kutaka kuifanya kazi hii iwe biashara waende SIDO, ambako hufundishwa usindikaji wa vyakula, na wapate idhini ya TBS kabla ya kuuza.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Nasi twaongeza: haiozi ikiwa imewekwa kwa maarifa. Bibi alituachia kioo. Siki, kifuniko kipya na saa ya kuhesabia dakika ni juu yetu wenyewe.