Kulipa Watu Wengi kwa Faili Moja: Kagua Kabla ya Kupakia

Ijumaa jioni. Una vibarua 60 wa kuchuma chai huko Kericho na kila mmoja anangoja jasho lake. Ukitumia simu kuwatumia mmoja mmoja, utamaliza usiku. Ndiyo maana wengi wenu mmehamia malipo ya pamoja: unaandaa orodha kwenye kompyuta, unaihifadhi kama faili ya CSV, unaipakia, na pesa zinawafikia wote kwa mpigo.

Shida ni kwamba makosa nayo huenda kwa mpigo.

Tuanze na lile la kila wiki. Excel hudhani nambari ya simu ni hesabu. Ukiandika 07, inaondoa ile sufuri ya mbele. Ukianza na 254, nambari inakuwa na tarakimu 12, na Excel inaifupisha iwe kitu kama 2.54712E+11. Ukihifadhi CSV ikiwa hivyo, tarakimu za mwisho zimeenda na hazirudi. Kwa hivyo kabla hujaandika hata nambari moja, chagua safu yote ya simu, fungua Format Cells, uweke Text. Na ukishahifadhi CSV, usiifungue tena kwa Excel eti kuangalia tu, kwa sababu itazigeuza upya. Iangalie kwa Notepad. Marekebisho yafanye kwenye faili yako ya kawaida ya Excel, kisha utoe CSV nyingine.

Lakini kosa hilo si la kukunyima usingizi. Nambari iliyoharibika hivyo mfumo huikataa, na pesa zako zinabaki kwenye salio. Linalotutia wasiwasi sisi ni ile faili ambayo kompyuta haioni kosa lolote ndani yake.

Tuseme umetaka majina yafuate alfabeti. Umechagua safu ya majina pekee, Excel ikakuuliza kama ipange na safu za kando, ukachagua iendelee na safu hiyo pekee bila kusoma vizuri. Majina yamehama, nambari za simu zimebaki pale pale. Sasa unajaza mishahara ukifuata daftari la kazi, jina kwa jina. Hapo sasa! Pesa za Chebet ziko mbele ya laini ya Wafula. Kila nambari ni ya kweli na iko hewani, kwa hivyo zinapita. Hata ukijumlisha, jumla ni ile ile ya daftari.

Jumla basi haitoshi. Chukua mistari kadhaa ya katikati ya orodha, si ile ya juu tu, ulinganishe jina, simu na pesa na daftari lenyewe. Pia anayepakia asiwe ndiye anayeidhinisha. Na huyo wa pili ashike daftari mkononi. Akikagua faili ile ile aliyoletewa, atakuwa anasoma kosa lile lile.

Kuna jambo jingine, hasa mtandao ukisumbua. Umepakia, skrini imeganda, ukaona afadhali upakie tena. Ngoja. Fungua kwanza ripoti ya malipo uone waliopata na waliokosa. Kama watatu wamekosa, tengeneza faili mpya ya hao watatu tu. Ukirudisha faili nzima, wale 57 wanaweza kulipwa mara mbili, na ukumbuke hizo ni pesa za wiki ijayo.

Ukigundua pesa zimeenda kusiko, tupigie saa hiyo hiyo ukiwa na nambari ya muamala. Zikiwa bado kwenye laini ya mpokeaji, kuna la kufanya. Zikishatolewa kwa ajenti, inabaki wewe na yeye mzungumze, na huenda tayari amelipa karo.