Ruhusa ya Kuwinda Shambani: Nani Anaweza Kuitoa?

Mtu aliyehamia Kitengela, Isinya au viunga vya mji wa Kajiado huona swala, pundamilia, kanga na digidigi karibu na ploti yake. Baadhi ya wageni hawa huuliza: je, nikizungumza vizuri na mwenye shamba jirani, anaweza kuniruhusu niwinde kwake?

Jibu ni hapana. Mwenye shamba hana ruhusa hiyo ya kutoa, na hata yeye mwenyewe haruhusiwi kuwinda katika ardhi yake. Chifu hawezi kuitoa, wala serikali ya kaunti.

Shamba ni lako, mnyama si wako

Hati ya kumiliki ardhi inampa mwenyewe haki juu ya udongo, nyasi na majengo. Wanyamapori wanaopita juu ya ardhi hiyo wako chini ya ulinzi wa taifa, kwa niaba ya Wakenya wote. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Mei 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani, uwindaji wa kutafuta kitoweo, na biashara ya nyamapori. Adhabu inaweza kuwa kifungo.

Sheria haiulizi kama mnyama alikuwa mdogo. Digidigi na sungura wa porini wanalindwa pia. Kutega waya ni kosa sawa na kupiga risasi, na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda.

Mkanganyiko unatoka wapi?

Kwanza, wazee wanakumbuka enzi za kabla ya 1977, wakati wawindaji walikata leseni na kupangiwa maeneo ya kuwinda, yakiwemo ya Kajiado.

Pili, hata baada ya marufuku, ranchi chache, ikiwemo moja karibu na Athi River, zilipewa kibali maalumu cha kuvuna idadi fulani ya wanyama. Nyama yake iliuzwa katika mikahawa ya Nairobi. Mpango huo ulisitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tatu, ng'ambo ya Namanga, Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni na imefungua mabucha ya nyamapori. Leseni ya huko haina nguvu upande wa Kenya, na nyama iliyonunuliwa huko haivushwi mpaka kama kitoweo cha kawaida.

Kwa nini jambo hili ni zito Kitengela

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa 1946 na ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Upande wake wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, haukuzungushiwa ua ili wanyama waweze kutoka na kurudi. Nyumbu na pundamilia hutegemea malisho ya tambarare za Athi-Kapiti wakati wa mvua, na malisho hayo ni mashamba ya watu.

Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980. Tangu hapo ploti na nyua zimeongezeka na njia za wanyama zimebanwa. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti, miongoni mwake: wasiweke ua, wasigawe ardhi na wasiruhusu ujangili. Kwa hiyo, mgeni anayeomba kuwinda anaweza kuwa anamwomba jirani aharibu mapato yake mwenyewe.

Isitoshe, Mmaasai kwa desturi ameishi kwa mifugo, si kwa nyamapori. Na waya uliotegewa swala humnasa pia ndama na mbwa wa boma.

Mambo ambayo mgeni anaweza kuomba

1. Kupita, kutembea, kutazama ndege au kupiga picha. Ardhi iliyo wazi bila ua bado ina mwenyewe. Fika bomani mchana, salimia wazee kwanza, jitambulishe unakoishi, kisha eleza shida yako. "Mzee, naomba kupita kwako" hufungua milango mingi. Akikataa, mshukuru uondoke.

2. Kufuga. Anayependa nyama ya kanga, kware au mbuni anaweza kuomba leseni ya ufugaji kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Usiokote mayai wala vifaranga porini.

3. Kuhifadhi. Sheria inatambua uhifadhi kuwa njia halali ya kutumia ardhi kwa faida. Majirani wanaweza kuunganisha mashamba yao na kusajili hifadhi ya jamii.

Mnyama akikuletea hasara

Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia boma na kuua mbuzi. Uchungu wa mfugaji unaeleweka, lakini hatua iliyo salama kisheria ni kupiga ripoti mara moja katika kituo cha KWS kilicho karibu. Usiondoe mzoga, na piga picha za nyayo na uharibifu. Dai la fidia huchunguzwa na kamati ya wanyamapori ya kaunti. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo cha binadamu na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu.

Kwa mifugo na mimea, dai linaweza kukataliwa iwapo mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kujikinga. Imarisha boma na uweke taa. Taa za kumwekamweka zinazofukuza simba zilibuniwa papa hapa Kitengela na Richard Turere, akiwa bado mvulana anayechunga ng'ombe wa babake.

Kabla ya kununua nyama

Nyama halali ya ng'ombe, mbuzi au kondoo hupitia kichinjio na kupigwa muhuri wa mkaguzi. Ukiuziwa nyama isiyo na muhuri, kwa bei ya kutupa na usiku, iache. Huenda ni nyamapori, na haijakaguliwa kama ina kimeta au ugonjwa mwingine. Toa habari kwa KWS, kwa polisi au kwa chifu wako.